Kasi, Utoto na Wakati: Usawiri wa Bart Allen katika Mfululizo wa Impulse

Utangulizi

Hadithi za picha za Marekani zimezaa mashujaa wengi wenye mbio zinazopita uwezo wa binadamu. Jay Garrick, Flash wa kwanza, alibuniwa na mwandishi Gardner Fox na mchoraji Harry Lampert mwaka 1940. Barry Allen alimfuata mwaka 1956. Mwaka 1959 John Broome na Carmine Infantino walimbuni Wally West, kijana wa Blue Valley, Nebraska, ambaye alipigwa na radi na kumwagikiwa na kemikali kwa namna ileile iliyompata Barry, akaitwa Kid Flash. Uhakiki huu unamhusu anayefuata katika ukoo huo: Bart Allen, aitwaye Impulse, aliyebuniwa na Mark Waid na Mike Wieringo na kuonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza katika The Flash toleo la 92, mwaka 1994. Mwaka uliofuata alipewa mfululizo wake mwenyewe, uliochapishwa hadi mwaka 2002 na kufikia matoleo 89.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Flash ni mmweko wa radi, na Kid Flash ni mmweko mdogo unaongoja kukua. Impulse ni neno la Kiingereza lenye maana ya msukumo wa ghafla unaomtendesha mtu kabla hajafikiri. Hilo si jina la sifa. Ni kasoro iliyogeuzwa kuwa utambulisho, kama mtoto anavyoweza kubandikwa jina la Matata na mtaa mzima, likamkaa hata siku anapotulia. Ni rahisi kulifanya jina hilo kuwa muhtasari wa mhusika, na usomaji uliozoeleka hufanya hivyo: Bart ni kichekesho, mtoto asiyetulia, na hatua yake ya kuwa Kid Flash mwaka 2003 ni ushahidi kwamba hatimaye amekomaa. Hoja inayotolewa hapa ni kinyume. Mfululizo wa Impulse, hasa sehemu yake ya mwanzo iliyoandikwa na Waid na kuchorwa na Humberto Ramos, ni hadithi ya malezi ambamo kasi ni tatizo la wakati kabla haijawa kipaji, na mabadiliko ya 2003 yaliikatiza hadithi hiyo badala ya kuikamilisha.

Mawazo ya wananadharia watatu yanaongoza usomaji huu. Gérard Genette (1972) alionesha kwamba muda wa usimulizi na muda wa matukio ni vitu viwili, na kwamba msimulizi huweza kurefusha, kufupisha, kusimamisha au kuruka. Scott McCloud (1993) aliichukua hoja ya namna hiyo upande wa hadithi za picha, akaeleza kwamba nafasi juu ya ukurasa ndiyo wakati wenyewe, na kwamba msomaji ndiye anayeijaza ile nafasi nyeupe iliyo baina ya fremu mbili. Umberto Eco, katika makala yake ya 1962 kuhusu Superman, alisema kwamba kila tendo la shujaa linamsogeza kwenye kifo, hivyo biashara ya shujaa asiyekufa hulazimika kuuvuruga wakati ili tendo la leo lisiache alama kesho. Bart Allen ni mhusika ambaye hoja zote tatu zinakutana katika mwili wake, na huenda ndiyo sababu wahariri waliomfuata hawakujua la kumfanyia.

Mwili uliotangulia

Bart ni mjukuu wa Barry Allen na Iris West. Baba yake, Don Allen, ni mmoja wa mapacha waliozaliwa katika karne ya 30. Mama yake, Meloni Thawne, anatoka katika ukoo ambao ni hasimu wa ukoo wa Allen. Mtoto anazaliwa na umetaboli wenye kasi mno. Afikapo umri wa miaka miwili kwa hesabu ya kalenda, ana mwili wa mtoto wa miaka 12, na kama hakuna litakalofanyika atazeeka na kufa kabla ya kuishi. Watu wa karne yake wanamlea ndani ya uhalisia pepe, yaani dunia ya kuigiza inayotengenezwa na kompyuta na kwenda kwa mwendo unaolingana naye. Bibi yake Iris anamtorosha na kumleta katika karne ya 20 kwa Wally West, ambaye wakati huo amekwisha kuvaa vazi la Flash kufuatia kifo cha Barry. Wally anamchokoza wakimbie kuizunguka dunia, na mshtuko wa mbio hizo unaurudisha mwili wa Bart kwenye mwendo wa kawaida wa kukua.

Katika tendi nyingi za Kiafrika mwili wa shujaa hutoa ishara kabla ya matendo yake. Sundiata wa Wamande alikaa miaka mingi bila kuweza kutembea, na kuchelewa huko kwa mwili kulikuwa ahadi ya ukubwa unaokuja. Bart ni kinyume chake: mwili umetangulia, na kutangulia huko hakuahidi chochote ila kaburi. Ishara ya ushujaa na dalili ya ugonjwa ni kitu kimoja. Waid hakulikuza jambo hili kwa maneno mengi. Tatizo la kitabibu linatatuliwa ndani ya matoleo matatu, 92 hadi 94, kwa mbio moja, na wasomaji wengi hulisahau mara mfululizo mpya unapoanza. Hata hivyo kinachobaki baada ya tiba ndicho kinachojenga mfululizo wote. Mwili umeponywa, lakini malezi ya miaka miwili ndani ya dunia ya kuigiza hayafutiki kwa mbio. Bart amekulia mahali ambapo kila hatari ilikuwa mchezo, kila adui alitoweka na kila kosa lilianza upya. Anapofika karne ya 20 anaiona kuwa ngazi nyingine ya mchezo uleule.

Hapa ndipo usomaji wa kichekesho unapopungukiwa. Mtoto jeuri anajua hatari na anaidharau. Bart hana dhana ya hatari kabisa. Anapojitupa mbele ya risasi au kukimbilia kwenye moto haoneshi ujasiri, kwa kuwa ujasiri unahitaji hofu ya kushindwa nayo. Wahusika wanaomzunguka, na baadhi ya wasomaji, humkaripia kama mkaidi, ilhali adhabu ya mkaidi haimfai asiyejua. Msomaji wa Kiswahili naye anaweza kushawishika kuufunga mjadala kwa methali isemayo haraka haraka haina baraka. Methali hiyo inamhusu mtu aliye na hiari ya kwenda polepole akaamua kuharakisha. Kwa Bart, polepole ya wenzake ndiyo isiyo ya kawaida.

Linganisho moja litasaidia. Mwaka 1993, katika X-Factor toleo la 87, Peter David alimpeleka mhusika mwenye kasi wa kampuni shindani, Quicksilver, mbele ya mtaalamu wa saikolojia. Quicksilver anaeleza kwamba kuishi kwake ni kama kusimama kwenye foleni nyuma ya watu wasiojua kutumia mashine ya fedha, siku nzima, kila siku; ndiyo maana ana hasira. Ukurasa huo ni miongoni mwa kurasa bora kuhusu kasi katika hadithi za picha, na si ajabu kwamba David huyohuyo ndiye aliyekuja kumwandika Bart katika Young Justice kuanzia mwaka 1998. Lakini Quicksilver ni mtu mzima ambaye ulimwengu umemchosha. Bart haujamchosha bado. Anachoshwa na dakika moja, kisha dakika inayofuata inamstaajabisha. Tofauti ya mtu aliyekinai na mtoto aliyechoshwa na kusubiri ni kubwa, na Waid anaishikilia bila kuteleza.

Kiputo kisicho na maneno

Mchango mkubwa wa kifani wa Impulse umo ndani ya viputo vya mawazo. Katika The Flash ya Waid, Wally West husimulia mwenyewe. Visanduku vya usimulizi hujaa nafsi ya kwanza, na Wally anajieleza, anajikosoa, anakumbuka. Anakimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na bado anapata wasaa wa sentensi ndefu. Kwa istilahi za Genette, hadithi za Wally hurefusha: sekunde moja ya tukio huchukua ukurasa mzima wa usimulizi. Mtu mwenye kasi ndiye mwenye muda mwingi kuliko wote wa kufikiri.

Bart hapewi visanduku hivyo. Mawazo yake huonekana kama picha ndogo ndani ya kiputo, bila neno. Chakula kinawakilishwa na chakula, mwalimu mwenye hasira na sura yenye hasira, mpango wa kumkabili adui na kijistari cha Bart akimpiga adui. Mara ya kwanza hilo linachekesha, na ndivyo lilivyokusudiwa. Linaporudiwa toleo baada ya toleo linaanza kufanya kazi nyingine. Lugha huhitaji mpangilio: neno hutangulia neno, na baina yao kuna muda, hata uwe mdogo kiasi gani. Picha huja yote kwa pamoja. Waid na Ramos wamepata njia ya kuonesha akili ambayo wazo na tendo havina mlango katikati, na wameionesha bila msimulizi kulisema jambo hilo.

Kuna matokeo mawili. La kwanza ni kwamba Bart hawezi kujitetea kwa msomaji. Wally akikosea, anatueleza kwa nini; Bart akikosea, tunaona kosa tu. Msomaji anawekwa mahali pa mlezi, anayelazimika kukisia kilichomo ndani ya mtoto kutokana na uso na miguu yake. Msomaji anayelalamika kwamba Bart hana undani analalamikia hali ambayo mfululizo umemtengenezea kwa makusudi. La pili ni gumu zaidi kulishika. Kwa sababu kiputo ni picha, na fremu inayokizunguka nayo ni picha, mpaka baina ya fikra na dunia unakuwa mstari mwembamba wa wino. Mtoto aliyelelewa ndani ya picha anafikiri kwa picha ndani ya kitabu cha picha. Ni utani wa kifani, lakini ni utani wenye huzuni, na haukupaswa kutupwa na waandishi waliofuata kama pambo la utotoni.

Uchoraji unachangia kwa namna yake. Infantino, katika miaka ya 1950 na 1960, alionesha kasi kwa kurudia umbo la shujaa mara kadhaa ndani ya fremu moja pana, mwili ukiwa mwembamba, mtulivu, karibu wa kijiometria. Ramos, mchoraji kutoka Meksiko aliyeathiriwa waziwazi na michoro ya Kijapani, anamchora Bart kwa nywele nyingi zinazomzidi kichwa na miguu mikubwa kupita kiasi. Barry wa Infantino hukimbia kama chombo kilichotengenezwa kwa kukimbia. Bart wa Ramos hukimbia kama mtoto wa mbwa ambaye nyayo zake zimetangulia kukua. Hata anaposimama hatulii, kwa kuwa goti limekunjika, nywele zinapepea, jicho limeangalia kitu kilicho nje ya fremu. Wieringo ndiye aliyeweka msingi wa umbo hilo, lakini Ramos aliusukuma hadi pale ambapo mwili wenyewe unasema kwamba bado haujamalizika.

Mlezi aliyewahi kukimbia

Wally anashindwa kumlea Bart. Mfululizo hausiti kulionesha hilo, na ni mojawapo ya uaminifu wake. Kwa hesabu ya ukoo ya Waswahili, Bart ni mwana wa binamu yake Wally, hivyo Wally ana wajibu wa kibaba juu yake. Hadithi yenyewe inawaita binamu, na jina hilo linampa Wally upenyo wa kujitoa. Wally ni kijana aliyerithi vazi la marehemu na bado anaogopa kwamba hakulistahili. Mtoto mwenye damu ya Barry akiwa mbele yake ni mrithi na pia ni shitaka. Katika kisa cha matoleo 95 hadi 100 ya The Flash, Wally anapodhani atatoweka, anamtangaza Jesse Quick kuwa mrithi wake, na baadaye inadhihirika kwamba lengo lilikuwa kumchochea Bart aone uzito wa urithi huo. Hila hiyo inafaa msuko. Kama malezi ni ya kusikitisha: mtoto anatumiwa kwa wivu badala ya kuelezwa.

Kwa hiyo Bart anapelekwa Manchester, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, akaishi na Max Mercury, aitwaye mwalimu wa Zen wa kasi. Uchaguzi wa mlezi huyu ndio ulio na uzito mkubwa zaidi katika mfululizo, na ndio unaopuuzwa zaidi. Max ni mhusika aliyeokotwa kutoka hadithi za mwaka 1940, ambako aliitwa Quicksilver, na Waid akampa historia mpya: skauti wa jeshi la farasi wa karne ya 19, aliyepewa kasi yake na mganga wa Wenyeji wa Marekani. (Mganga huyo hana kazi nyingine katika hadithi ila kumpa mzungu uwezo kisha kutoweka. Ni mazoea ya zamani ya fasihi ya Marekani, na Waid hakuyahoji.) Baada ya hapo Max alitumia maisha yake akiifukuzia Nguvu ya Mwendokasi, chimbuko la kasi yote katika ulimwengu huo. Kila alipoikaribia alirushwa mbele kwenye zama nyingine. Aliruka miongo, akiwaacha nyuma watu aliowajua.

Miongoni mwa walioachwa ni binti. Max na Bart wanaishi Manchester nyumbani kwa Helen Claiborne, daktari, ambaye mwanzoni hajui kwamba mgeni wake ndiye baba yake mzazi, aliyemzaa na mke wa mtu mwingine katika miaka ya 1940 kisha akatoweka katika wakati. Helen ana umri unaomfanya aonekane kama rika la baba yake. Mzee huyu anayemfundisha mtoto subira ni mtu ambaye hakuwahi kuwa na subira ya kumwona mwanawe akikua.

Jambo hili linabadilisha maana ya kila somo la Max. Anapomwambia Bart atulie, asikilize, asubiri, hasemi kwa hekima ya aliyefaulu. Anasema kwa majuto ya aliyekimbia. Msomaji akilisahau hilo, Max anakuwa mzee wa kawaida wa hadithi za mafunzo, mwenye mvi na misemo. Akilikumbuka, vichekesho vya nyumbani vinapata kina: chakula kinachomalizika kabla ya wengine kuketi, kazi ya shule isiyofanywa, jirani anayeshuku. Kila siku ya kawaida ambayo Max anaivumilia mezani na mtoto asiyetulia ni siku ambayo hakuwahi kumpa Helen. Malezi ya Bart ni deni linalolipwa kwa mtu asiyehusika, na mfululizo una ujasiri wa kutosema kama deni hilo linalipika kwa njia hiyo.

Si kila kitu katika Manchester kimefanyiwa kazi kwa uangalifu huo. Alabama ni jimbo lenye Montgomery ya mgomo wa mabasi wa 1955 na Birmingham ya maandamano ya 1963, lakini Manchester ingeweza kuwa mji wowote mdogo wenye shule, bustani na maduka. Waid alihitaji mahali pa polepole, akachagua Kusini kwa sababu ya sifa yake ya upole wa mwendo, akaiacha historia yake mlangoni. Carol Bucklen, rafiki wa Bart, mara nyingi hubaki kuwa sauti ya busara inayohitajika ili mvulana asiye na busara apate wa kumjibu. Na baadhi ya wahalifu wanaofika mjini ni wepesi mno kwa hadithi inayotaka kuzungumzia hatari ya kweli.

Waid alipoondoka, William Messner-Loebs na baadaye Todd Dezago, akichorewa na Ethan Van Sciver, waliendeleza uhusiano wa Bart na Max. Kazi ya Dezago inastahili kutajwa kwa kulishughulikia jambo moja ambalo Waid aliliacha wazi, nalo ni kifo. Max anaugua, na kwa mara ya kwanza Bart anakabiliana na kitu ambacho kasi yake haiwezi kukipita. Katika kipindi hicho Bart amejifunza kutengeneza nakala za nafsi yake na kuzituma mbele. Katika vita dhidi ya Imperiex, mwaka 2001, nakala mojawapo inauawa huko Apokolips, na Bart anakihisi kifo hicho kana kwamba ni chake. Anajiondoa kwa muda katika kundi la Young Justice. Mtoto aliyedhani kwamba kila kitu huanza upya amejua kuwa kuna kisichoanza upya. Somo hilo limechukua miaka saba ya uchapishaji, na limemfikia kupitia mwili, bila hotuba ya mtu yeyote. Hapa ndipo hadithi ya malezi inapofikia kilele chake cha kweli, na inafaa kuzingatia kwamba Bart anakifikia akiwa bado Impulse, kwa jina lilelile la kasoro.

Goti na maktaba

Mwaka 2003 Geoff Johns na mchoraji Mike McKone walianzisha mfululizo mpya wa Teen Titans. Bart sasa anaishi kwa Jay Garrick na mkewe Joan, kwa kuwa Max ametolewa katika hadithi. Katika matoleo ya mwanzo, Deathstroke anampiga Bart risasi ya goti kwa karibu. Anapachikwa goti la bandia. Kisha, akiwa amechoka kudharauliwa, anasoma vitabu vyote vya maktaba ya umma ya San Francisco kwa muda mfupi, anavua vazi la Impulse na kutoka akiwa Kid Flash.

Kimsuko, hatua hiyo ni safi na ina mvuto. Johns ni mwandishi anayejua kugeuza tendo moja kuwa nembo. Lakini inafaa kuuliza ni wazo gani la kukua limebebwa na tukio hilo. Kwanza, Bart anakomaa kwa sababu ameumizwa, kana kwamba nakala iliyokufa Apokolips haikuwahi kuwapo. Pili, elimu inageuzwa kuwa kiasi cha kumezwa. Mfululizo wa Impulse ulijengwa juu ya dhana kwamba kuna jambo moja ambalo mtoto mwenye kasi hawezi kulipata kwa kasi, na jambo hilo ni uzoefu. Kid Flash wa 2003 analipata kwa kasi. Tatizo ambalo Max alilikalia miaka yote hiyo linaondolewa alasiri moja, kwa silaha ileile iliyokuwa tatizo.

Mtu anaweza kutetea tukio hilo kwa kusema kwamba kusoma ni kusubiri, na kwamba mtoto aliyekubali kusoma kitabu hadi mwisho amekwisha kubadilika kabla ya kukifungua. Utetezi huo ungekuwa na nguvu kama tungeoneshwa kitabu kimoja. Tungeliona jina lake, ukurasa uliomsimamisha Bart, sentensi aliyoirudia mara mbili. Tunachooneshwa ni wingi. Katika fremu hizo vitabu ni matofali. Viputo vya picha, vilivyokuwa lugha yake ya ndani, havina tena nafasi yao ya zamani. Bart sasa anazungumza kwa takwimu na taarifa, kama wavulana wengine werevu wa hadithi za makundi. Amepata maneno, na msomaji hakualikwa kushuhudia siku alipoyapata.

Mtu mzima wa miezi 13

Baada ya hapo mwendo uliongezeka. Katika Infinite Crisis (2005–2006) Bart anaingia katika Nguvu ya Mwendokasi na kurudi akiwa mtu mzima, amevaa vazi la babu yake. Mwaka 2006 alipewa mfululizo wa The Flash: The Fastest Man Alive, ulioanzishwa na Danny Bilson na Paul DeMeo na kumaliziwa na Marc Guggenheim. Ulidumu matoleo 13. Katika toleo la mwisho, mwaka 2007, Bart akiwa amepokonywa kasi yake, anauawa na kundi la wahalifu wa kale wa Flash, wakiwemo Captain Cold na Heat Wave.

Katika mabadiliko haya upo mfanano ambao waandishi wake huenda hawakuukusudia. Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kukua haraka mno, ambaye hadithi yake ya kwanza ilihusu namna ya kumponya ugonjwa huo, aliambukizwa tena na wahariri. Aliruka ujana wake nje ya ukurasa, katika ile nafasi nyeupe ambayo McCloud anasema ni ya msomaji kuijaza. Lakini hakuna msomaji anayeweza kujaza miaka. Akawa mtu mzima, akazikwa, kwa mwendo uleule ambao Wally alikimbia kuizunguka dunia ili kuuzuia. Maelezo ya Eco yanatimia hapa kwa namna yake: shujaa aliyeruhusiwa kukua alitumika hadi akaisha, na soko likagundua kwamba lilikuwa linampenda alipokuwa mtoto.

Mwaka 2009, katika Final Crisis: Legion of 3 Worlds, Johns na George Pérez walimrudisha. Alirudi akiwa kijana, katika vazi la Kid Flash, akicheka. Hadithi ilieleza jinsi alivyorudishwa, kwa mashine na radi na mipango ya Brainiac 5 wa karne ya 31, lakini haikueleza kile kilichohitaji maelezo zaidi: mtu aliyekwisha kuwa mzima, akafanya kazi, akapenda, akauawa kwa kupigwa na kundi la watu barabarani, anarudije kuwa mvulana? Anakumbuka nini anapoamka usiku? Max Mercury angekuwa mtu wa kumuuliza, kwa kuwa yeye pekee katika ukoo huo alijua maana ya kuruka miaka na kutua katika nyumba ambayo wenyeji wake wameendelea kuishi bila wewe. Mazungumzo hayo baina ya mzee na kijana, katika jiko la Helen kule Manchester, hayamo katika kitabu hicho.